Barua ya wazi: Saa moja ya kutoka nje iandikwe ndani ya amri ya karantini

KWA:
Waheshimiwa wasimamizi wa mipango ya dharura za afya,
katika serikali ya kitaifa na katika serikali za kaunti za Pwani ya Kenya

KUH: MAZOEZI YA MWILI NA AFYA YA AKILI WAKATI WA KUTENGWA KWA AJILI YA MARADHI

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, nawaandikia hadharani jambo ambalo nimekwisha kuliandika kwa faragha, kwa lugha ya upole na kwa kufuata ngazi zote zinazotakiwa, nisipate hata barua ya kunijulisha kwamba yangu imepokelewa. Ofisi nilizoziandikia sitazitaja. Sikusudii kumwaibisha afisa yeyote, na huenda waliokuwa kwenye meza zile wakati ule wameshahamishwa. Jambo lenyewe ndilo halijahama.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Mombasa, niliyesomesha michezo na mazoezi ya viungo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Siandiki kama daktari, wala siandiki kwa kupinga karantini. Naamini kwamba maradhi ya kuambukiza yanapoingia, serikali ina wajibu wa kuwatenganisha watu, na kwamba asiyetaka kutenganishwa anaweza kulazimishwa kwa mujibu wa sheria. Lalamiko langu ni kwamba tangu mwaka 2020 hadi leo amri hizi huandikwa kana kwamba binadamu ni shehena iliyowekwa ghalani bandarini, ambayo ukishaifungia mlango utaikuta vile vile siku ya kuitoa.

Ombi langu nalitanguliza, ili msomaji mwenye haraka asilikose. Siku serikali itakapolazimika tena kufunga mtaa, kutangaza kafyu au kumweka mtu karantini, amri hiyo hiyo itaje kwa maandishi saa isiyopungua moja kila siku ambayo kila aliyefungiwa, isipokuwa yule ambaye ugonjwa wake haumruhusu, ataweza kutoka nje na kutembea au kufanya mazoezi. Itaje mahali pa kufanyia hivyo. Na itaje kuwa hakuna askari atakayemrudisha ndani kabla ya muda wake kwisha.

Ziko sababu za kuliuliza jambo hili sasa. Ugonjwa wa mpox ulithibitishwa Taveta mwishoni mwa Julai 2024, kisha ukafika Mombasa, na mgonjwa wake hutakiwa kujitenga hadi vidonda vikauke na ngozi mpya iote, jambo linalochukua wiki mbili hadi nne. Jirani zetu wamepata makubwa zaidi. Homa ya Marburg, inayofanana na Ebola, ilizuka Kagera, Tanzania, mwaka 2023 na ikarudi mkoani humo, wilayani Biharamulo, mwanzoni mwa 2025. Rwanda iliipata mwaka 2024. Uganda ilifunga wilaya za Mubende na Kassanda kwa sababu ya Ebola mwishoni mwa 2022, na Ebola ikaonekana tena Kampala mwaka 2025. Aliyemgusa mgonjwa wa Ebola au Marburg hufuatiliwa kwa siku 21. Amri nyingine itakuja, na leo ndipo tunaweza kuchagua maneno yatakayokuwamo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlifunga mazoezi ambayo hamkujua kuwa ni mazoezi.

Mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020, michezo ilisimamishwa na kumbi za mazoezi zikafungwa, na nadhani waliotoa maagizo hayo waliamini kuwa suala la mazoezi limekwisha hapo. Wengi wetu hatujawahi kukanyaga jimu. Katika miji ya Pwani mtu hufanya mazoezi bila kuyaita hivyo: huenda msikitini mara tano kwa siku, huteremka na kupanda ngazi, huenda Marikiti na kurudi na kikapu, humpeleka mtoto madrasa, huenda kumjulia hali mgonjwa au kuhani matanga. Misikiti ilipofungwa, na hapana budi ilifungwa, mzee wa miaka 60 alipoteza safari tano za kila siku, na katika kila safari mlikuwamo jua, ngazi na watu wa kuamkiana nao. Hakuna aliyeandika popote kwamba mzee huyu amekatazwa kufanya mazoezi. Na nyumba za ibada zilipofunguliwa Julai 2020, kwa watu wasiozidi 100 na kwa muda wa saa moja, waliozidi umri wa miaka 58 na watoto wa chini ya miaka 13 waliambiwa wabaki majumbani. Yaani waliohitaji safari zile zaidi ya wote ndio waliowekwa nje ya mlango.

Kwa mwenye kisukari, na wenye kisukari katika mitaa yetu hawatafutwi kwa taa, hasara hii haikuwa ya moyo peke yake. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka damuni hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Msuli uliolala hauvuti kiasi hicho. Safari zile tano zilikuwa sehemu ya dawa, na dawa hiyo iliondolewa bila kuwekwa nyingine mahali pake.

Wanawake walipoteza kwa namna yao. Mchana wa Mombasa haumruhusu mtu kutembea kwa raha, kwa hivyo wengi hutoka baada ya magharibi, upepo unapoanza kuvuma, wakaenda hadi Lighthouse au wakazunguka mitaa miwili mitatu na mashoga zao. Kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 ilikuwa ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Magharibi huingia kwetu kama saa kumi na mbili na nusu. Hesabu iko wazi. Fukwe za umma nazo zilifungwa, kwa hivyo hata aliyekuwa tayari kuvumilia jua hakuwa na mchanga wa kukanyaga.

Watoto ndio waliokaa muda mrefu zaidi. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba, na waliobaki wakarudi tarehe 4 Januari 2021. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa mtoto wa miaka 5 hadi 17. Mtoto wa kawaida hapa huzipata kwa kwenda shule kwa miguu, kwa mapumziko ya saa nne asubuhi, na kwa mpira wa jioni. Vyote vitatu viliondoka siku moja. Mnajua kwamba masomo yalitafutiwa njia ya redio na televisheni. Kuhusu dakika zile 60, sijaona waraka wowote.

Upungufu huu ulipimika duniani kote. Watafiti waliokusanya hesabu ya hatua kutoka simu za watu zaidi ya 455,000 katika nchi 187 walikuta kwamba ndani ya siku 30 baada ya janga kutangazwa Machi 2020, wastani wa hatua kwa siku ulikuwa umeshuka kwa asilimia 27. Hao ni watu wenye simu za kisasa zenye programu ya kuhesabu hatua. Yule mzee wetu wa safari tano hayumo katika hesabu hiyo.

2. Mtaa ulifungwa bila kuangalia nyumba zake.

Tarehe 6 Mei 2020 Mji wa Kale wa Mombasa na Eastleigh ya Nairobi zilifungwa, mtu asiingie wala asitoke. Ilisemwa ni siku 15, zikaongezwa, na vizuizi vikaondolewa tarehe 7 Juni. Kufungwa huko kulianza katikati ya Ramadhani na kukaivuka Idi. Sipingi takwimu zilizoleta uamuzi ule, kwani maambukizi katika mitaa ile miwili yalikuwa yanapanda kweli.

Lakini anayeujua Mji wa Kale anajua kuwa nyumba zake nyingi za mawe, zilizojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja wenye ua wa ndani, leo zimegawanywa vyumba na kila chumba kina wapangaji wake. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba wawili wakipishana mabega hugusana. Mtu wa ndani ya mtaa aliruhusiwa kutembea mchana ndani ya mipaka, hilo nalikubali. Ila hakuna aliyejiuliza atembee wapi. Uwanda mpana ulio karibu, ule wa Mama Ngina kule Kizingo, ulikuwa nje ya mipaka. Matokeo yake yalikuwa ni watu kukaa wengi katika vyumba vichache, joto la Mei, madirisha madogo, na mabaraza ya nje, ambayo ndiyo sebule ya wazee wetu, yakitazamwa na maafisa kama mahali pa uhalifu.

Na hapa pana jambo ambalo laiti lingezingatiwa, amri yenyewe ingefanya kazi vizuri zaidi. Mapitio ya tafiti za mwanzo za korona yalionyesha kuwa chini ya asilimia 10 ya maambukizi yaliyoripotiwa yalitokea nje, na kwamba uwezekano wa kuambukizwa ndani ya nyumba ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko nje. Kumtoa mtu kwenye chumba chenye watu saba ili akatembee saa moja kwenye upepo ni hatua ya kinga. Tuliiona kama anasa.

3. Siku 14 zilihesabiwa kuwa si kitu.

Waliotua nchini kuanzia mwisho wa Machi 2020 waliwekwa karantini ya lazima katika hoteli, mabweni ya vyuo na vituo vingine. Inajulikana kuwa baadhi yao walizidisha siku 14, kwa sababu mmoja wao alipokutwa na virusi wenzake walianza kuhesabu upya. Na inajulikana kuwa walidaiwa gharama hadi Mei, serikali ilipokubali kulipia waliokuwa katika vituo vyake. Malalamiko ya fedha yalisikika sana. Malalamiko ya mtu aliyekaa chumbani wiki tatu, akitembea kati ya kitanda na choo, hayakupata wa kuyasemea.

Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20, walilazwa kitandani wiki tatu kwa ajili ya utafiti. Miaka 30 baadaye walipimwa tena wale wale, wakiwa na miaka 50. Ilionekana kwamba wiki tatu za kulala zilikuwa zimepunguza uwezo wa mwili wao wa kufanya kazi kuliko miaka 30 ya kuzeeka ilivyoupunguza. Mimi niliwahi kuwasomea wanafunzi habari hii, na hawakuiamini. Kweli, mtu wa karantini hafungwi kitandani. Ila kituo kisicho na ua wala ratiba humsogeza huko, na mzee akishapoteza nguvu za mapaja, kuzirudisha ni kazi ya miezi, na kuanguka bafuni ni jambo la dakika.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, ambazo zina jina la Nelson Mandela na zilipitishwa Desemba 2015, zinasema katika kanuni ya 23 kwamba kila mfungwa asiye na kazi ya nje apewe angalau saa moja kwa siku ya mazoezi yanayofaa katika hewa ya wazi, ikiwa hali ya hewa inaruhusu. Naomba mnijibu kwa maandishi: ni kwa msingi gani mtu ambaye hakutenda kosa lolote, aliyefungiwa kwa faida yetu sote, aandikiwe haki pungufu ya aliyehukumiwa kwa wizi wa mabavu?

4. Afya ya akili iliachiwa nambari ya simu.

Nambari za ushauri wa bure zilitangazwa, na waliozipokea simu zile walifanya kazi ya thawabu. Lakini mtu aliyezama katika huzuni hupoteza kwanza hamu ya kuinua simu. Shirika la Afya Duniani lilieleza Machi 2022 kwamba wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga. Hapa kwetu, jopo la serikali kuhusu afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikabidhi ripoti yake Julai 2020, katikati ya kafyu, likapendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Kwa hivyo habari mlikuwa nazo.

Uhusiano wa mwili na moyo hauhitaji mganga. Huko Norway, watu wazima wapatao 34,000 walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 11, na watafiti wakakadiria kuwa asilimia 12 ya visa vipya vya sonona vingeweza kuzuilika iwapo kila mmoja angefanya mazoezi ya angalau saa moja kwa wiki. Nasema kwa wiki, na ya kadiri yoyote, hata ya kutembea tu. Katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 1999 uliwachukua watu 156 wenye sonona, wa miaka 50 na zaidi, baadhi wakapewa dawa, baadhi mazoezi ya pamoja, na baadhi vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana, ingawa waliopewa dawa walianza kupata nafuu mapema zaidi. Sisemi kwamba mgonjwa aache dawa zake. Anayefanya hivyo kwa kusoma barua yangu amenielewa vibaya. Ninachosema ni kwamba kitu chenye nguvu ya namna hiyo, kisichohitaji kuagizwa kutoka nje wala kuwekwa kwenye jokofu, kilikatazwa pale pale kilipohitajika.

Tena angalieni neno hilo, mazoezi ya pamoja. Wale wa Duke walikutana mara tatu kwa wiki. Sehemu ya tiba huenda ilikuwa ni kuonana tu na kuulizana mbona jana hukuonekana. Kutembea nje, hata kwa umbali wa mita mbili kati ya mtu na mtu, humpa aliyetengwa vitu vitatu kwa mpigo: mwili unaochoka vizuri, mwanga wa asubuhi unaomwekea usingizi wake sawa, na uso wa jirani. Kukimbia juu ya mkeka chumbani humpa kimoja.

5. Askari aliachiwa aamue.

Amri ya kafyu iliorodhesha huduma ambazo hazikuhusika. Kwa mengine yote, mwananchi alibaki mikononi mwa askari aliyekutana naye. Jioni ya kwanza ya kafyu, Likoni, abiria waliokuwa wakingoja feri warudi makwao walirushiwa vitoa machozi. Usiku wa tarehe 30 Machi, huko Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao wakati polisi walipokuwa wakisimamia kafyu, akafa. Nalitaja hili kwa sababu moja. Tuliposhauriwa kunyoosha miguu kwenye roshani zetu, tulikuwa tumekwisha kusikia habari ya roshani ile. Ruhusa isiyoandikwa haimfai kitu mwananchi, na hofu ya kutoka mchana, hata pale kutoka kulipokuwa halali, iliwafungia watu wengi kuliko vizuizi vyenyewe.

6. Viwanja.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka bustani, fukwe na sehemu za burudani za kaunti chini ya serikali za kaunti. Sitarefusha hapa, kwani kila mtaa unaujua uwanja wake uliogeuzwa kuwa maegesho au kuota ukuta usiku. Nasema tu kwamba uwanja ulionyakuliwa wakati wa amani ndio uwanja utakaokosekana wakati wa karantini.

Waheshimiwa, najua majibu mtakayotaka kunipa, na naomba niyapitie.

Mtasema watu wakiruhusiwa kutoka watakusanyika. Nchi nyingine zilikutana na shida hiyo hiyo na zikaitatua kwa saa. Hispania iliwafungia watoto ndani kabisa kwa wiki sita, kisha tarehe 26 Aprili 2020 ikawaruhusu saa moja kwa siku, ndani ya kilomita moja na wakiwa na mtu mzima. Wiki iliyofuata watu wazima walipewa zamu zao asubuhi na usiku, na wazee wakatengewa zamu ya saa nne hadi saa sita mchana na nyingine jioni, ili wasisukumane na wakimbiaji. Afrika Kusini, iliyokuwa imekataza mazoezi ya nje tangu mwisho wa Machi, iliyaruhusu kuanzia tarehe 1 Mei, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, ndani ya kilomita tano kutoka nyumbani. Ufaransa ilimtaka mtu abebe karatasi aliyoijaza mwenyewe. Sisi tulio na wazee wa mtaa, vikundi vya Nyumba Kumi na kamati za misikiti na makanisa tungeshindwaje kupanga zamu?

Mtasema mtu afanye mazoezi chumbani. Aprili 2020 Rais Museveni wa Uganda, baada ya kukataza watu kukimbia barabarani, alijirekodi akikimbia peku ndani ya ofisi yake Ikulu ili kuwaonyesha wananchi kuwa inawezekana. Mzee yule alikuwa na umri wa miaka 75, na kwa nguvu zile nampa heko kama mwalimu wa michezo. Lakini tazameni ukubwa wa chumba kile. Familia ya watu saba katika chumba kimoja cha Majengo, yenye jiko kona hii na kitanda kona ile, haina pa kukimbilia.

Mtasema hii ni starehe ya watu wa mitaa ya kifahari, na kwamba maskini anatembea vya kutosha kwa kazi yake. Ni kweli anatembea, ila amri ikimsimamisha kazi, kutembea kwake kunasimama siku hiyo hiyo. Mpagazi aliyekuwa akibeba magunia kutwa alijikuta amekaa chumbani bila kibarua, bila chakula cha uhakika na bila kitu cha kuuchosha mwili apate usingizi. Wa mtaa wa kifahari alikuwa na bustani yake ndani ya ukuta. Saa moja ninayoiomba ni ya asiye na ukuta.

Mtasema pia hakuna fedha. Kuandika sentensi moja ndani ya amri hakuna gharama. Wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walizinduliwa rasmi nchini Septemba 2023, na tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Wakiongezewa maswali mawili kwenye daftari lao, la kwanza kama aliyetengwa ametoka nje leo na la pili kama amezungumza na mtu, mtakuwa na taarifa ambayo mwaka 2020 haikuwapo.

Kwa hayo yote, naomba mambo yafuatayo yafanyike.

Kwanza, saa ya kutoka nje iingizwe katika mipango ya dharura ya kitaifa na ya kila kaunti, kwa maneno ya wazi, ikiwa na zamu maalumu za wazee, za watoto pamoja na walezi wao, na za wanawake katika mitaa ambayo wenyewe wataziomba.

Pili, pasiwepo kituo chochote kitakachoidhinishwa kuwa cha karantini kabla ya kuonekana ua au uwanja wake, na ratiba ya kuutumia ibandikwe ukutani mahali ambapo aliyefungiwa ataisoma. Kwa mgonjwa asiyeweza kutolewa nje, igeni yaliyofanyika Kongo. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini, kati ya 2018 na 2020, vilitumika vyumba vyenye kuta za plastiki angavu ambavyo vilimwezesha mgonjwa kuiona familia yake na kuzungumza nayo kutwa, huku wauguzi wakimhudumia bila kumwacha peke yake.

Tatu, kila kaunti ya Pwani itangaze orodha ya viwanja vya wazi ilivyonavyo, mtaa kwa mtaa, pamoja na hati zake, na itaje kila mtaa ambao hauna hata kimoja. Mji wa Kale uwe wa kwanza kwenye orodha hiyo.

Nne, maagizo yanayopelekwa kwa polisi wakati wa kufunga mtaa yachapishwe kwa Kiswahili siku ile ile yanapotolewa, ili mwananchi aliye njiani na askari aliyemsimamisha wawe wamesoma karatasi moja.

Tano, mtaalamu wa afya ya akili na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wawe na viti katika kila kamati ya dharura, wenye kura, badala ya kuitwa kutoa nasaha baada ya uamuzi kufanywa.

Makadirio ya bajeti za kaunti huwasilishwa katika mabunge yao kabla ya tarehe 30 Aprili, na wananchi huitwa kutoa maoni. Naomba majibu yenu yatolewe hadharani kabla ya tarehe hiyo, pendekezo kwa pendekezo, yakieleza mnalolikubali, mnalolikataa na sababu zake. Nitakuja katika kikao cha maoni cha wadi yangu na nakala ya barua hii, na nawasihi wasomaji wa wadi nyingine waende kwenye vikao vyao wakiwa na yao.

Wenu katika kujenga taifa,

Mwalimu mstaafu wa michezo,
Mombasa

Nakala kwa:
Wawakilishi wa wadi zote za Kisiwani
Kamati za misikiti na makanisa
Wahamasishaji wa afya ya jamii
Wakazi wa Mji wa Kale na Eastleigh